Ndege Haibebi Mbuzi

Ninyi vijana mnaoegesha magari nje ya maghorofa ya Kilimani, mkingoja simu iwaambie mpinde kushoto, hebu nisikilizeni. Mimi ni Kariuki wa mtaa wa Satellite. Ukifika Riruta ukauliza Kariuki wa magari, hata mtoto aliyetumwa maziwa atakuonyesha lango langu, lile la kijani, na ndani yake magari matatu ambayo sikuachiwa na baba. Baba aliniachia jembe, na mpini ulikuwa umevunjika. Shule niliiacha darasa la sita, barabara ikanimalizia masomo. Nimebeba mabwana harusi, nimebeba wazungu wa kutazama ndege wa porini, nimebeba mwalimu mkuu mmoja aliyenisahihisha Kiswahili kutoka mjini mpaka Kitale. Mwaka jana mgongo ulikataa usukani, nikawapa vijana wengine funguo. Ndiyo maana nina nafasi ya kuwafundisha bila malipo, jambo ambalo halijawahi kunitokea.

Siku moja mteja atakuuliza: safari hii ndefu, niende kwa gari au kwa ndege? Dereva mjinga atajibu gari, kwa sababu ndilo alilo nalo. Aliye mjinga zaidi atajibu ndege, ili aonekane amesoma. Mimi huuliza kwanza: unabeba nini?

Swali hilo si langu, nililitoa kwa Mzee Balbir, Kalasinga mwenye gereji kule chini ya mji, karibu na mto, ambako nilianza kazi ya kuosha magari. Mzee yule alikuwa na kilemba cheupe ambacho hakikuwahi kushika doa la oili, na sijui alifanyaje, maana mimi nilikuwa nikipata oili mpaka nyuma ya masikio. Ndiye aliyenifundisha kuendesha. Akiniona nakanyaga mafuta, alikuwa akiuliza, "Kariuki, wewe peleka nini, mayai au mawe?" Nikimwambia gari ni tupu, anasema, "Basi beba akili."

Yeye ndiye aliyeniharibia sifa yangu kubwa pia. Nimewahi kufika Kisumu kabla ya ndege. Nilimshusha mteja uwanjani asubuhi, mfanyabiashara wa vitambaa, nikaendelea na mizigo yake kwa barabara, na alipofika Kisumu alinikuta nimekula samaki na kulala. Hadithi hiyo niliisimulia gereji nzima wakanipigia makofi. Mzee Balbir peke yake aliinua kichwa kutoka kwenye injini akauliza kama ndege yenyewe iliruka. Haikuruka. Kulikuwa na ukungu, akaruka kesho yake. Lakini nilifika kabla yake, au sivyo?

Mambo mengine mtayasoma wapi? Ukienda magharibi asubuhi, jua liko nyuma yako upande wa kulia. Ukirudi jioni, jua limehamia, nawe umegeuka, kwa hiyo linakupiga upande ule ule. Nitazameni nikipita: sikio langu la kulia ni jeusi kuliko la kushoto. Basi mzee au mgonjwa mkalishe kushoto, kwenda na kurudi. Mafuta weka jana yake. Usimpe abiria maziwa baridi kabla ya kushuka mteremko wa kuingia Bonde la Ufa. Na neno hili, la Mzee Balbir vilevile, lishikeni kuliko yote: mtu akipiga simu kuuliza uko wapi, usiseme "niko karibu." Hilo ni jibu la waongo. Dereva wa kweli hutaja mahali. Kama uko Gilgil sema Gilgil, akasirike mapema, amalize.

Sasa niwaambie ya Bwana Kamande.

Bwana Kamande wa Kitisuru ana duka la vifaa vya ujenzi, na nimemwendesha yeye na familia yake miaka mingi kuliko baadhi yenu mlivyoishi. Kijana wake Ndung'u alimpenda msichana wa Webuye, Nafula, binti wa Mwalimu Wekesa. Mwalimu alikuwa amestaafu, lakini nyumba yake bado iliendeshwa kwa kengele. Mara ya kwanza familia ya Kamande ilipokwenda kujitambulisha, walipanda ndege wote. Ndege ilichelewa kuondoka, wakafika Webuye jua linatua. Mwalimu aliwapokea vizuri, akawalisha ugali na kuku mpaka wakashindwa kuinuka. Halafu akasema, "Leo mmekuja kula. Siku nyingine mtakuja kuoa." Akawapa siku ya kurudi na mahari, akaongeza kwamba adhuhuri lango litafungwa, na wakilikuta limefungwa wasihangaike kurudi mara ya tatu, atakuwa ameelewa kwamba hawana haraka na binti yake.

Ndung'u alirudi Nairobi amekonda. Nilimbeba kutoka uwanjani, na tangu huko mpaka Kitisuru alisema neno moja tu, "Kariuki," halafu akasahau alichotaka.

Kwa hiyo niliitwa kwenye kikao cha familia. Ndiyo, mimi. Chai ilinywewa barazani, na upande mmoja alikaa Mbugua, mdogo wake Kamande. Mbugua ndiye aliyekuwa msemaji wa ukoo katika mambo ya ruracio, yaani kupeleka mahari, maana ana sauti nzito na methali nyingi. Mbugua anapenda ndege. Aliwahi kufanya kazi ofisi moja iliyokuwa ikimtuma huku na huku, na mpaka leo mfuko wake una kitambulisho cha shingoni. Akasema ndege ile moja ilichelewa kwa bahati mbaya, na kwamba barabara ina malori, ina mbuzi, ina polisi, na ina Kariuki.

"Wewe Kariuki," akasema, "ungekuwa na ndege ungeisifu."

"Ningekuwa na ndege," nikamjibu, "nisingekupakia."

Wakacheka, naye akacheka kidogo, kicheko cha kufunika aibu. Nami nikauliza swali langu: mnabeba nini? Hapo ndipo Kamande alipokuna kichwa. Mwalimu alikuwa ametuma neno kwamba mambo ya kuweka noti kwenye bahasha na kuiita mbuzi, yeye hayaelewi. Mbuzi wa bahasha halii. Alitaka angalau wawili wa miguu minne, majike, awaone wakitembea. Juu yao kulikuwa na asali, mablanketi, masufuria, na akina mama saba wa kanisa ambao hawawezi kuachwa, kwa sababu kwetu wageni wa ruracio hawaingii hivi hivi. Wanawake wa upande wa mvulana huimba nje ya lango, wa upande wa msichana hujibu kutoka ndani, na lango halifunguki mpaka wa ndani waridhike. Nafula alikuwa ameshamweleza baba yake desturi hiyo, na Mwalimu, kwa kuwa ni mwalimu, aliwafanyisha dada zake mazoezi.

"Ndege haibebi mbuzi," nikasema, na nikanywa chai yangu taratibu ili neno lizame.

Halafu kulikuwa na Shosho, bibi yake Ndung'u. Mama yake Kamande, Shosho Nyokabi, alikuwa amekaa kwenye kona na kikombe chake, nasi tukidhani hasikii. Akasema kwamba bila yeye hakuna kijana atakayeoa, na kwamba hatapanda ndege.

"Gari likiharibika linasimama kando," akasema. "Hicho kikiharibika kinasimama wapi?"

Ikaamuliwa tugawanyike: wanaume wanne, yaani Mbugua, Kamande, Ndung'u na rafiki yake wa kuwa shahidi, waruke mpaka Eldoret na kuchukua teksi, mimi nibebe Shosho, akina mama, mbuzi na vitu. Tukutane kituo cha petroli kabla ya kufika kwa Mwalimu, tuingie pamoja. Wakati huo kila mtu aliona mpango umekamilika. Mtu akiwaletea mpango unaompa kila mmoja alichotaka, vijana, mkimbieni.

Tuliondoka alfajiri. Mbuzi niliwaweka nyuma ya kiti cha mwisho, nikawafunga kwa fundo langu mwenyewe, fundo ambalo nimefungia magodoro, majeneza na kabati la sahani bila sahani kuvunjika. Shosho alikaa mbele kushoto, kwenye kivuli, akiwa na mkoba wake na karatasi ya chumvi kwa ajili ya mayai ya kuchemsha. Nikamwendesha kama anayebeba maji kwenye sahani. Akina mama walikuwa wakifanya mazoezi ya nyimbo, na ukitaka kujua uzito wa kazi ya udereva, panda mlima na sauti saba nyuma yako na mbuzi wawili wanaoitikia.

Tulikuwa vizuri. Tulipita Nakuru vizuri, tukapita Eldoret vizuri. Baada ya Eldoret teksi moja ikatupita, na dirishani nikamwona Mbugua akinipungia mkono kama mtu anayefukuza nzi. Nitasema kweli, ndege yao siku hiyo haikuchelewa. Ilifika kama ilivyoandikwa. Mimi sina ubaguzi.

Tulipofika mji mdogo wa Turbo tukasimama, maana akina mama walihitaji kusimama na walikuwa wamelisema jambo hilo kwa nyimbo kwa muda. Nilipofungua mlango wa nyuma nichukue maji, mbuzi mmoja akanipita kifuani. Kabla hamjacheka, fundo langu halikufunguka. Fundo lipo mpaka leo, ninaweza kuwaonyesha. Mbuzi alikula kamba upande wa pili.

Akavuka barabara, akaingia katikati ya mbuzi wa watu waliokuwa wakila majani kando ya soko. Nami nikamfuata. Mtu mzima, viatu vya kung'arisha, shati jeupe. Simu ikaita. Mbugua. Wamefika kituoni, saa inakwenda, Kariuki uko wapi? Nami huku nimeinama, nimeshika mkia wa kitu, nikasema, "Niko karibu."

Niliona macho ya Mzee Balbir, Mungu amrehemu.

Mbuzi nikamkamata hata hivyo. Nilimkamata kwa ustadi, nikambeba begani, nikavuka barabara huku magari yakinisimamia, na akina mama wakapiga vigelegele. Nyuma yangu mwanamke mmoja wa pale Turbo alikuwa akinifuata bila haraka, akiuliza, "Baba, na huyo wangu unampeleka wapi?" Shosho akateremsha kioo. Akamtazama mbuzi, akanitazama.

"Kariuki, hiyo ni ndume," akasema. "Sisi tunaoa au tunaolewa?"

Nikamrudisha beberu wa watu. Nikajaribu tena, na safari hii sikukamata chochote isipokuwa majani. Mbuzi wote walikuwa wa rangi ile ile ya kahawia, na wote walinitazama kama walinijua. Simu ikaita, sikuishika. Shosho akashuka garini polepole, akaenda mpaka katikati ya barabara, magari yakasimama hata kuliko yalivyonisimamia mimi, akavuka, akafungua ile karatasi ya chumvi. Hakuita wala hakukimbia. Alisimama tu na mkono wazi. Mbuzi wote wakaja, akawachagua kama mtu anayechagua nyanya, akamshika wake sikio. Mama mwenye mbuzi akampa mkono wakasalimiana vizuri. Mimi hakunisalimu.

Yaliyotokea kwa Mwalimu wakati huo nilisimuliwa na Ndung'u mwenyewe, na kila akisimulia huongeza kidogo, lakini lango lenyewe nimeliona.

Mbugua alipoona adhuhuri inakaribia na simu yangu haishikwi, aliwachukua wenzake mpaka langoni, labda maneno mazuri yatanunua muda. Mwalimu alikuwa amesimama ndani na saa yake ya mkononi, mkono mmoja kwenye komeo. Mbugua akatoa methali. Mwalimu akaisikiliza yote, akatazama saa. Ndung'u anasema alimwona Nafula kwenye veranda, amefunga leso kichwani, mikono amejikumbatia, na alijua kwamba komeo lile likiingia, mwisho wake ni hapo.

Ndipo Mbugua, na hili nampa, hata kama nampa kwa shingo upande, akauliza swali la mtu mwenye akili. Akasema, "Mwalimu, wageni wa ruracio wakiwa wanaimba langoni, wamefika au hawajafika?"

Mwalimu akafikiri kama anayesahihisha mtihani. Desturi si yake, lakini alikuwa ameisoma. Akasema, "Mkiimba, mmefika. Mkinyamaza, mmechelewa."

Basi wakaimba. Wanaume wanne wenye suti na tai, juani, nje ya lango, wakaimba nyimbo za akina mama. Lakini hakuna hata mmoja aliyejua zaidi ya mstari wa kwanza, kwa sababu maisha yao yote walikuwa wakisimama nyuma wakizungumza habari za bei ya saruji wakati wanawake wanaimba. Wakaimba mstari wa kwanza mpaka ukachakaa. Wakaimba za Sunday school. Kamande akakumbuka wimbo wa shule yake ya msingi. Shahidi wa Ndung'u akaingiza tangazo la sabuni la redioni. Dada zake Mwalimu, waliofanya mazoezi wiki nzima, walikuwa ndani wakijibu kwa raha zao: hatujasikia, rudieni, hizi sauti za mafahali, wanawake wenu wako wapi?

"Wako karibu!" akaitikia Mbugua, akiliimba neno langu mwenyewe kwa sauti yake nzito. Likawa kiitikio. Wako karibu, wako karibu. Ndung'u anasema yeye aliimba huku macho hayaondoki kwenye komeo, na kila walipovuta pumzi, mkono wa Mwalimu ulisogea.

Mimi nilipokuwa nakata kona ya mwisho nilisikia sauti nikadhani kuna mtu amegongwa. Kumbe ni Mbugua, sauti za wenzake zimekwisha, amebaki yeye peke yake. Sikuwa nimesimamisha gari vizuri akina mama wakawa wameshuka, Shosho mbele na mbuzi kwa sikio, na akaushika wimbo pale Mbugua alipouangushia, akaupeleka kwa mstari wa pili, na wa tatu, na huo mwingine ambao hata akina mama hawakuujua. Ndani wakajibu, nje wakajibu, na Mwalimu akatazama saa yake, akaivua, akaitia mfukoni. Lango likafunguka.

Mnafikiri imekwisha? Tulipoketi kuanza mazungumzo, msemaji wa ukoo akainuka, akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Sauti ilikuwa imebaki langoni. Ikabidi amnong'oneze Shosho, naye Shosho aseme kwa sauti. Mbugua ananong'ona methali moja, Shosho anatoa tatu. Mbugua ananong'ona salamu, Shosho anauliza habari za banda la kuku. Jambo la mwanamke kuwa msemaji wa ruracio kwetu halipo, lakini wenyeji hawakujua, na sisi hatukuwaambia. Mwalimu alipouliza kwa upole kwa nini wanawake walichelewa, Mbugua alinong'ona kitu kirefu sana. Shosho akakisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Dereva wetu alikuwa anawaletea beberu," akasema, na kunielekeza kwa kidole.

Ndipo Mwalimu alipocheka. Wenyewe walisema hawajamsikia akicheka hivyo tangu astaafu. Alienda akawatazama mbuzi wakitembea, akarudi akiwa amekubali. Nafula alipoulizwa mbele ya watu kama vitu vya wageni hawa viliwe au virudishwe, alisema viliwe, na Ndung'u, ambaye hakuwa amekula tangu jana yake, alikula kama aliyekuwa akingoja amri.

Nani alishinda, gari au ndege? Mbugua atawaambia ndege ndiyo iliyoshika lango. Mimi nawaambia lango lingeshikwa bure kama hakuna mbuzi. Ukitaka hekima yangu, hii hapa: walio pamoja safari iwabebe pamoja, mbuzi kwa msemaji. Lakini waulizeni wa Kitisuru nani alitoa wazo la kubeba mbuzi kwa barabara.

Kesho yake, kabla ya kurudi, niliosha gari, nikapangusa kiti cha mbele kushoto, nikamngoja Shosho. Akatoka na mkoba wake, akapita kiti kile, akaenda kusimama na akina Mbugua penye teksi ya uwanja wa ndege. Nikamkumbusha maneno yake: kile kitu kikiharibika kitasimama wapi?

"Kariuki wangu," akasema, "wewe nawe hata usipoharibikiwa unasimama. Nimechoka kusimama."

Nikarudi na akina mama saba, ambao sasa walikuwa na nyimbo mpya za Webuye za kujifunza, na majogoo wanne waliotolewa zawadi kwetu. Tulipofika Kinungi malori yalikuwa yamefungana, hayaendi mbele wala nyuma, na jua limenikalia kwenye sikio langu la kulia. Simu ikaita.

"Nimefika," akasema Shosho. "Nimeoga. Nimekunywa chai, na yule msichana wa ndege amenipa peremende mbili. Wewe uko wapi?"

"Niko karibu, Shosho."

"Karibu na nini?"

Nikatazama mbele.

"Na lori," nikasema.